Wasio Wamakonde wakicheza sindimba: kasoro haiko kiunoni, iko sikioni

Fundi wa Chapuo (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila ikisambaa video ya kikundi cha ng'ambo kikicheza sindimba, ile ngoma ya Wamakonde wa Mtwara, tunagawanyika pande mbili zilezile. Upande mmoja unashangilia, "Wametuzidi!" Upande wa pili unanuna, "Wametuibia." Mimi ni mpiga ngoma. Nimewapigia Wamakonde, Wazaramo, Wakurya, Wajapani na Wajerumani, na nikizitazama hizo video naona jambo ambalo pande zote mbili zinalipita. Watu wote macho yako kiunoni, na kiuno ndicho kitu cha mwisho cha kutazama.

Anzeni na magoti. Mchezaji wa sindimba anakaa chini: magoti yamelegea, nyayo zimelala ardhini zote, uzito umeegemea visigino. Mtikisiko unazaliwa kwenye magoti, unapanda, kiunoni ndiko unakoonekana. Kifua kimetulia, shingo imetulia, na uso nao umetulia kana kwamba huko chini kuna mtu mwingine anayefanya kazi. Asiyejua anaanzia juu: anasukuma nyonga kwa nguvu za mgongo, mabega yanafuata, kichwa kinafuata, na muda si mrefu anahema. Bibi wa makamo ya mama yake mzazi anaendelea pembeni bila jasho.

Waliosomea baleti wana shida yao peke yao. Mwili wao umefundishwa kupaa. Ardhi wanaigusa tu, hawaikanyagi.

Lakini haya yote yanafundishika. Nimemwona binti wa Kijerumani akiyashika upesi kuliko kijana mwenye asili ya Tandahimba aliyezaliwa na kukulia Dar. Kwa hiyo tukiishia kwenye mwili, ubishi umekwisha na wageni wameshinda.

Kasoro yenyewe inatokea mpiga ngoma anapobadilisha. Chini kuna vinganga, zile ngoma ndogo zenye mguu uliochongoka unaochomekwa ardhini, zinazopigwa kwa fimbo nyembamba bila kupumzika. Juu yake ngoma kuu inasema: inaita, inanyamaza, inaita tena, halafu inakata, yaani inabadilisha mdundo ghafla. Ikikata, mchezaji anakata nayo palepale. Hajahesabu kitu. Ameisikia kata ikija, maana mpigaji mzuri huitangaza kabla haijafika, mkono unakaza kidogo, na mwenye sikio anajiweka tayari. Na mpigaji naye hafumbi macho. Akimwona mchezaji amekolea anamwongezea. Akimwona pumzi inamwisha anampa upenyo. Pale kuna watu wawili wanaosemezana.

Sasa lete kikundi kilichojifunza kwa video. Wamehesabu moja mpaka nane: nane kulia, nane kushoto, geuka, chuchumaa, tabasamu. Mimi nikiwapigia kata mahali wasipoitarajia, nusu wanaendelea na hesabu yao, nusu wanatazamana. Hapo ndipo namjua mgeni, awe ametoka Manchester au awe ametoka Masasi.

Wengi siku hizi hata mpigaji hawana. Wanabonyeza spika. Rekodi haimwoni mtu, haimwongezei wala haimpunguzii. Mnaweza kunionyesha kiuno kitamu kuliko vyote duniani kikicheza na rekodi, mimi nitasema hayo ni mazoezi ya viungo, ngoma bado.

Halafu hili neno "mgeni" tulitumie kwa kiasi. Desemba 10, 1962, Mwalimu Nyerere akihutubia siku ya Jamhuri aliuliza ni wangapi kati yetu wanaojua gombesugu, mganda, kiduo au lelemama, ilhali rumba na chachacha tunazimudu. Akaunda wizara ya utamaduni, na miaka hiyohiyo ya 60 kikaundwa Kikundi cha Taifa cha Ngoma. Humo Mgogo alicheza ya Mmakonde, Mhehe akacheza ya Msukuma. Sindimba iliyojulikana nchi nzima, ile ya kwenye viwanja vya sherehe za kitaifa, ilitoka kwa wasio Wamakonde. Bagamoyo nako, tangu Chuo cha Sanaa kianzishwe 1981 mpaka leo kinapoitwa TaSUBa, kazi ni hiyohiyo: mwana wa huku anafundishwa ngoma ya kule. Mgeni wa kwanza wa sindimba alikuwa Mtanzania.

Karibuni mnipinge.

Mwana wa Newala

Nakupinga, tena kwa heshima, maana kwenye magoti umesema kweli.

Umeanza hadithi katikati. Sindimba unayoipigia wewe imeshakatwa kabla haijafika kwako. Kwetu ile ngoma inakwenda na jando na unyago. Watoto wametoka, wazazi wamejiandaa, pombe imepikwa, shangazi wa mwali ana haki ya kuingia uwanjani bila kuombwa na ana haki ya kumtoa aliyeingia vibaya. Hakuna anayekaa kwenye kiti kutazama. Anayetazama leo alicheza jana na atacheza kesho.

Kile kiuno mnachokisema, kwenye unyago ni somo. Kinafundishwa na mkubwa kwa mdogo, mahali pake, kwa adabu yake. Kikundi cha Taifa kilikichukua kikakiweka mbele ya wakubwa wa serikali, wanaume na wanawake wakikabiliana kwa mistari, kikaongezwa chumvi mpaka nchi nzima ikadhani Wamakonde hatuna lingine maishani. Mimi nimesoma bweni mikoa ya bara. Nikitaja kabila langu tu, mtu ananiambia "hebu tuonyeshe."

Kwa hiyo ukisema uhalisi uko kati ya mpigaji na mchezaji, umewatupa nje shangazi, mwali na uwanja mzima. Wawili wanasemezana, sawa. Wanasemezana kuhusu nini?

Chachandu

Jamani kiuno ni kiuno tu. Mnatuchosha.

Fundi wa Chapuo

Chachandu, subiri harusi ijayo.

Mwana wa Newala, swali lako la mwisho ni zito na sitalikwepa. Nakubali kwamba jukwaani habari ya mwali haipo. Lakini angalia upande huu: kitu gani kilibaki baada ya kukatwa? Mavazi yalibadilika, mistari ikanyooshwa, wimbo ukafupishwa, maneno mengine yakageuzwa ya kumsifu kiongozi. Kilichonusurika ni ile namna ya kupiga na kujibu. Ndiyo maana nakikazania. Tukiliachia na hilo, hatutakuwa na cha kubishania.

Na mapiko, ile ngoma ya vinyago, je, kwa maoni yako? Hapo nami nina mpaka wangu. Sijawahi kukubali kumpigia asiye wa jandoni akivaa lipiko, kinyago chenyewe, hata kwa fedha nzuri.

Mwana wa Newala

Mapiko usiyaguse. Kinyago kile kinavaliwa na mwanamume aliyepita jandoni, na nguvu yake yote ni kwamba waliopo uwanjani hawatakiwi kujua aliyemo ni nani. Ukimweka mtalii ndani, akatoka akavua kichwa akapiga picha na watoto, umeua kila kitu kwa sekunde moja. Afadhali angecheza vibaya bila kuvua.

Na kiufundi mapiko ndiyo yanayothibitisha hoja yako, nakupa hilo bure. Mvaaji haoni vizuri, ana mzigo kichwani, anategemea ngoma kumwambia aende wapi na asimame lini. Asiyeijua ngoma anaanguka, na kijiji kizima kinacheka.

Kijana wa Jukwaani

Wazee, niruhusuni niseme ya sisi tunaoila hii kazi. Mimi ni Mnyakyusa. Kwa usiku mmoja nacheza sindimba, bugobogobo, lizombe na msewe, mbele ya wageni wanaokula chakula cha jioni. Muda wetu wote hauzidi wa kunywa supu na kumaliza samaki. Meneja anataka tabasamu, rangi, na mwishoni tuwanyanyue wageni wawili watatu wacheze nasi.

Mnazungumzia "mgeni" kana kwamba anajifunza ngoma moja. Ugumu wetu ni kuhama. Sindimba uzito chini, kifua kimya. Bugobogobo ya Wasukuma inataka bega na mkono, jembe linapanda na kushuka na mgongo unafanya kazi. Msewe ya Pemba ni miguu: yale masewe unayoyafunga miguuni ndiyo ngoma yenyewe, ukikanyaga nje kila mtu anasikia, hakuna pa kujificha. Lizombe ya Wangoni ina kishindo chake na mbinuko wake. Mchezaji wa hoteli ambaye hajafundwa vizuri anazicheza zote kwa mwili mmoja. Anabadilisha nguo tu. Nimeona vikundi ambavyo ukiwavua vibwebwe na kuwaziba midomo huwezi kujua wako Mtwara au Mwanza.

Hilo kwangu ndilo kosa kubwa kuliko la kata. Mzee Fundi, kata ninaweza kuikariri mpaka ikawa sikio. Lakini ngoma nne kuwa ngoma moja, hiyo ni hasara ambayo hata mpigaji anaishiriki, maana na wapigaji wengi wanapiga zote kwa mkono uleule.

Halafu moto. Hamjautaja. Ngozi lazima ioteshwe moto ikaze. Sisi tunacheza ukumbini penye kiyoyozi, zulia chini, moto marufuku. Kufika ngoma ya pili ngozi imelegea, ngoma kuu inasema "buu" badala ya "ti", na mnataka nisikie kata. Kata gani?

Fundi wa Chapuo

Umenigonga penyewe. Ngozi iliyolegea inameza mkono. Kuna wenzetu wameanza kuwamba ngozi za plastiki kwa sababu hiyohiyo. Zinakaa na mlio usiku kucha, lakini mlio wenyewe ni mkavu, na ule mkono wa kutangaza kata unapotea ndani yake. Mimi huwa naota ngoma zangu nyuma, jikoni kwa wapishi, halafu naingia nazo mbio. Wapishi wamenizoea.

Na kuhusu kupiga zote kwa mkono mmoja, ni kweli, na aibu hiyo ni yetu.

Mtani wa Magu

Wasukuma tupo. Nacheka kidogo nikisoma, kwa sababu kwetu habari ya "ngoma ibaki ilivyo" ingeua ngoma yenyewe.

Sisi tuna Bagika na Bagalu. Pande mbili, kila upande na manju wake, yaani kiongozi wa ngoma na nyimbo, na dawa zake, wanacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Hakuna majaji wa kukaa mezani na karatasi. Watazamaji wanapiga kura kwa miguu. Kwa hiyo manju anayerudia ya mwaka jana ameshindwa kabla hajaanza. Lazima alete kipya: wimbo mpya, mnyama, sanamu, kituko ambacho upande wa pili hawakukitegemea. Wafuga nyoka wetu wanaocheza na chatu mikononi mnawajua. Nani angewafikiria kama si mashindano?

Nenda Bujora mwezi Juni, wakati wa Bulabo, sherehe yetu ya ngoma, utaona. Na hiyo Bulabo ya Bujora ilivyo sasa imefungamana na sikukuu ya Kanisa ya Mwili na Damu ya Kristo, na makumbusho yale ya Wasukuma yalianzishwa na padre kutoka Quebec, David Clement, miaka ya 50. Mgeni kabisa. Lakini alikaa, akajifunza lugha, akaingiza ngoma kanisani wakati wenzake walikuwa wanaikataza. Leo mzee wa Kisukuma akikueleza mila ya Bulabo, padre yumo ndani ya mila.

Kwa hiyo mimi mgeni simwogopi. Ninachokiogopa ni jembe la mbao.

Bugobogobo ilitoka shambani. Watu wanalima kwa zamu, ngoma inawapa mwendo, majembe yanapanda pamoja na kushuka pamoja. Jembe lina uzito. Ukilirusha juu likazunguka, unalidaka kwa kujua kwamba likikukosa litakuumiza, na huo woga kidogo unaonekana mwilini, magoti yanajipanga yenyewe. Vikundi vya mjini vinabeba jembe la mbao limepakwa rangi ya fedha. Jepesi. Analirusha, analidaka, anatabasamu, na mwili haujui kitu. Mpe jembe la kweli, usimwambie neno. Baada ya siku chache utaona anaanza kucheza sawa bila mwalimu. Tena awe Mnorwe.

Jirani wa Kakamega

Majirani, habari zenu. Nachangia kutoka Kenya, kwa sababu mambo haya tumeyala mpaka tumeshiba.

Isukuti ni ngoma ya Waisukha na Waidakho, huku kwetu Magharibi. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka. Sasa sikilizeni kichekesho: mtoto wa shule Kenya, awe wa kabila lolote, isukuti ameiona, na shule nyingi zimeicheza kwenye tamasha la muziki la shule. Inachezwa kila mahali na bado iko hatarini. Inawezekanaje?

Jibu langu ni kwamba kinachochezwa ni kipande. Ngoma zenyewe ni tatu, baba, mama na mtoto, na pembe ya swala, na njuga za chuma. Inachezwa mtoto akizaliwa, kwenye harusi, na mazishini pia. Mazishi ndiyo shule kubwa, kwa sababu yanakwenda muda mrefu, watu wanapokezana ngoma, kijana anapata nafasi ya kushika ya mtoto akiharibu gizani bila mtu kumlaumu. Tamasha la shule lina dakika za kuhesabu na majaji wenye kalamu. Mwalimu anachukua ile sehemu ya mabega yakitetemeka kwa kasi, maana ndiyo inayoleta makofi, anaianzia hapo na kuimalizia hapo. Mwanzo wa polepole, pale ambapo mwimbishaji anawakusanya watu kwanza, hakuna.

Matokeo yake kuna kizazi kinachojua isukuti ina mwendo mmoja tu, wa mbio. Hata watoto wetu wenyewe. Wakirudi mazishini wanaanza kwa kasi na wazee wanawatazama.

Bomas of Kenya, kituo cha utamaduni cha Nairobi, nao, tangu 1971, wachezaji wao wanacheza za makabila yote. Ni mafundi, siwabezi. Lakini nakubaliana na yule kijana wa hoteli: fundi wa ngoma zote ana hatari ya kuwa na mwili mmoja.

Mwalimu wa Solfa

Mleta uzi amegusa hesabu, nami ndiko ninakokula, kwa hiyo nitakawia kidogo hapa.

Wageni wengi, na vijana wetu waliokulia kwenye muziki wa kompyuta, wanasikia kila kitu kwa nne. Moja-mbili-tatu-nne, na "moja" ina nguvu. Ngoma zetu nyingi zinazunguka kwenye mapigo kumi na mawili madogo. Vinganga vinayapiga hayo madogo. Hayo kumi na mawili unaweza kuyagawa kwa nne zenye tatu tatu, au kwa sita zenye mbili mbili, na uzuri wote uko kwamba wakati mmoja mguu unafuata mgawo huu, makofi yanafuata ule, na wimbo unaanza mahali ambapo hakuna kati ya hivyo viwili kinapoanzia. Mtu aliyezoea kuhesabu nne akisikia hivyo anatafuta "moja" yake. Anaikosa. Anaamua kuibandika pale ngoma kuu inapopiga kwa nguvu, na mara nyingi pale si mwanzo, ni jibu. Tangu hapo mwili wake wote umepinda. Anacheza vizuri, safi kabisa, mahali pasipo pake.

Mimi sifundishi hatua mwanzoni. Naanza na wimbo. Mwanafunzi akae chini, aitikie, apige makofi ya waitikiaji mpaka aweze kupiga huku anaongea na jirani yake habari nyingine. Hapo amefika. Halafu asimame, atembee tu, mguu unaofuata mguu, makofi yakiendelea. Hatua za ngoma nazileta mwisho, na mara nyingi nakuta nusu ameshazifanya mwenyewe bila kuambiwa. Kioo nakifunika. Kioo kinamfundisha mtu kuonekana, na akishaanza kujitazama sikio linafungwa.

Jambo moja nampinga mleta uzi. Kuhesabu si dhambi. Kuna wageni ambao bila hesabu hawana pa kukanyagia kabisa. Wape hesabu ya tatu tatu, wavuke nayo, halafu uwanyang'anye. Ubaya ni walimu wanaowaachia wakapanda nayo jukwaani.

Chachandu

Haya, mwalimu amenifanya nipige makofi peke yangu ofisini. Bosi ananitazama.

Mama Kibwebwe

Wanangu, mmesema mengi ya magoti na hesabu. Mimi nitasema la wanawake, maana naona hamlitaji.

Nimekuwa somo, yaani kungwi, wa mabinti wengi huku Pwani. Kuna nyimbo za unyago ambazo jukwaani hazina kazi. Si kwa sababu ni chafu, mtu asije akaniambia hivyo. Ni kwa sababu zinasemwa na mtu mzima kumwambia binti aliye mbele yake, na huyo binti kesho atarudi kumuuliza. Ukiziimba kwa watu mia tatu wenye simu mikononi, unamwambia nani? Nani atarudi kukuuliza?

Lakini mwanangu wa Newala asije akafikiri kwamba waliotoa ngoma nje ni serikali na wageni tu. Marehemu Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alikuwa somo wa unyago Unguja, na ngoma yake ya msondo aliipanda mwenyewe jukwaani, akaenda nayo Ulaya akiwa bibi kizee. Walimlaumu, tena wanawake wenzake. Yeye alijua cha kutoa na cha kubakiza. Hiyo ndiyo tofauti. Mwenyeji akitoa anajua alichobakiza nyumbani. Mgeni anadhani alichopewa ndicho chote kilichopo.

Ndiyo maana binti wa kigeni akija kwangu, namfunga kibwebwe, namfundisha, anacheza, tunafurahi. Akianza kuniuliza "na ile nyingine mnayofanya ndani?" namwambia hiyo ni ya ndani. Mwenye adabu anaishia hapo. Asiye na adabu anatoa pochi.

Na ninyi wanaume wa vikundi: binti zetu wakicheza sindimba kwa utulivu mnawaambia "changamka, kata kiuno zaidi, wageni wanataka." Wanakata zaidi, halafu nyie haohao mnasema hawaoleki. Hilo halikuletwa na Mzungu.

Kijana wa Jukwaani

Shikamoo mama. Hilo la "kata zaidi" nimelisikia kwa masikio yangu, tena likisemwa na Mswahili mwenzetu mwenye kikundi. Wageni wenyewe wala hawakuwa wamesema kitu, walikuwa wanakula.

Mama Kibwebwe

Marahaba mwanangu. Umeona basi.

Fundi wa Chapuo

Mama, shikamoo. Nimekuelewa, na naona mmenisogeza kidogo, wewe na Mwana wa Newala. Bado nashikilia kwamba sikio ndilo kipimo cha mchezaji. Lakini kipimo cha kikundi ni kingine: je, wanajua kilichokatwa?

Ila nisiache ionekane kwamba zamani kulikuwa na ngoma safi isiyoguswa na mgeni. Chukueni mganda, mmojawapo wa ngoma alizozitaja Mwalimu ile 1962 kama zetu. Asili yake ni beni, iliyoanza Lamu na Mombasa miaka ya 1890, watu wa Pwani wakiiga bendi za kijeshi za wakoloni, na askari wa vita vya kwanza vya dunia wakaisambaza bara mpaka Ziwa Nyasa na ng'ambo yake Malawi. Wazee wa Nyasa wanaicheza kwa mistari ya gwaride, nguo nyeupe zimepigwa pasi, na wanapuliza vibuyu vinavyoigiza tarumbeta. Sasa Mwingereza akija leo kujifunza mganda anajifunza gwaride la babu yake lililopita kwetu likabadilika. Na atalikosea! Nimewaona. Wanakaza miili kama askari kweli, wakati mganda unakaza juu na kulegea chini, na ule ulegevu ndio uliokuwa mzaha wenyewe kwa bwana mkubwa aliyekuwa anatazama.

Kwa hiyo sisi nasi tulikuwa wageni wa gwaride lao. Tulilikosea kwa makusudi, likawa letu. Wachezaji wa ng'ambo wanaokosea sindimba hawakosei kwa makusudi, wanakosea kwa kutosikia. Wakifika mahali wanakosea wakijua wanachofanya, nitakaa kimya niwatazame.

Mtani wa Magu

Hapo kwenye "kukosea kwa makusudi" ndipo Bagika na Bagalu wanapoishi. Umeingia Usukuma bila kujijua.

Mwana wa Newala

Sawa Fundi, hilo la mganda limeniingia. Basi nipe jambo moja tu la vitendo. Kikundi chako kikipanda, mtangazaji anasema nini?

Fundi wa Chapuo

Kwa kawaida anasema "sasa tunawaletea sindimba, ngoma ya asili ya Wamakonde kutoka Mtwara." Basi.

Mwana wa Newala

Aseme hivi: hii ni sindimba ya jukwaani, imefupishwa, kwao inachezwa vijana wakitoka jandoni na unyagoni. Maneno hayo hayamalizi hata pumzi moja. Akishasema, chezeni mpendavyo, hata na Wajapani. Sitanuna.

Kijana wa Jukwaani

Mtangazaji wetu ndiye meneja wa vinywaji. Nitamwandikia kwenye karatasi, lakini "jandoni" itabidi nimweleze kwanza.